Tusiipike Idi kila siku

Krismasi ya Wazungu wa Ulaya hukaa pale pale Desemba, pamoja na baridi yake. Idi yetu haina mahali pa kukaa. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo sikukuu hurudi nyuma siku kumi hadi kumi na mbili kila mwaka, na huchukua kama miaka 33 kuzunguka majira yote. Mwaka 2000 Idi ya Ramadhani ilikuja mara mbili, Januari na tena Desemba. Mwaka 2016 ilikuwa Julai, kusi imeshika. Mwaka 2024 ikawa Aprili. Mtu aliyekulia Lamu ana Idi za jua kali, za mvua na za bahari iliyochafuka, zote zimelundikana kichwani, wala upepo hauwezi kumkumbusha hata moja.

Kinachotukumbusha ni jiko. Ndiyo maana nawaona watu wazima wenye ndevu zao wakisimama ghafla uchochoroni, pua juu, wakimtaja bibi aliyefariki zamani.

Wenye nyumba za mawe za Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu, wanajua jiko hukaa juu kabisa, karibu na paa, ili moshi na joto vitoke. Vichochoro ni vyembamba, kuta ni ndefu, na magari hayapiti. Harufu ikishuka kutoka huko juu haina pa kwenda ila puani mwa mpita njia. (Ya punda nayo imo, tusijidanganye.) Usiku wa kuamkia Idi, mwezi ukishaonekana, mji mzima huwa kama sufuria moja iliyofunikwa: kitunguu kinachogeuka rangi kwa ajili ya pilau ya kesho, mdalasini, karafuu, na udi kwenye chetezo unaofukiziwa nguo mpya.

Na mkate wa sinia. Hapa nitakawia kidogo. Mchele umerowekwa, ukasagwa na tui zito, ukatiwa hamira, sukari na iliki, ukaachwa uumuke. Mkate huu una harufu mbili. Ya pili ni ile ambayo kila mtu anaisifu, makaa yakiwa chini na mengine yamepaliwa juu ya kifuniko, sukari ikianza kuungua pembeni. Ya kwanza hutoka kabla haujaiva: uchachu mwepesi wa unga ulioumuka, umechanganyika na iliki, ukifunua tu kitambaa. Kwangu mimi Idi ni hiyo ya kwanza. Hiyo ndiyo tuliyokuwa tukiinusa sisi watoto tuliofukuzwa jikoni tukarudi, tukafukuzwa tena, huku akina mama na mashangazi wakigombana kama tui limetosha.

Wataalamu wana maelezo yao. Macho na masikio hupeleka habari kwanza kwenye kituo cha katikati ya ubongo, ndipo zigawanywe. Harufu hukiruka kituo hicho ikafika upesi kwenye amigdala, panaposhughulikiwa hisia, na kwa jirani yake hipokampasi, panapotengenezwa kumbukumbu. Linda Buck na Richard Axel, waliopata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2004, walionyesha kwamba pua ina vipokezi vya aina nyingi sana (kwa binadamu ni kama 400 vinavyofanya kazi), na ubongo huitambua harufu kwa mchanganyiko wa vipokezi vilivyoguswa. Nadhani hapo ndipo ilipo siri ya malalamiko ya wazee wetu. Mkate uliookwa kwenye oveni ya umeme unaweza kuwa mtamu, lakini makaa hayamo, kwa hiyo mchanganyiko si ule, na mzee anakwambia tu, "Haunukii." Anasema kweli.

Idi ya Mei 2020 ilinithibitishia. Misikiti ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona, hakuna sala ya jamaa, hakuna kutembeleana, usiku kuna kafyu. Watoto hawakupita nyumba kwa nyumba kudai mkono wa Idi. Kila kilichofanya siku ile iwe Idi kilikuwa kimeondolewa, isipokuwa harufu. Hiyo haikujua kafyu. Ilishuka kutoka majikoni ikaingia kwa jirani bila barakoa.

Sasa maoni yangu, na najua yatawaudhi baadhi yenu. Tunaiharibu harufu hii kwa kuitumia ovyo. Biriani leo ni chakula cha Jumanne, pilau iko hotelini kila mchana, na mkate wa sinia unauzwa vipande vipande dukani mwaka mzima. Harufu hushikamana na siku ya kipekee. Ukiinusa Idi, tena ofisini, tena kwenye semina na kwenye kampeni za uchaguzi, mwisho haitakumbusha lolote ila njaa. Watoto wetu watakula vizuri kuliko tulivyokula sisi, lakini Idi yao wataijulia kwenye simu.

Nitajibiwa kwamba zamani pilau ilikuwa ya Idi kwa sababu nyama haikupatikana, na kwamba ninausifu umaskini. Jibu hilo nalikubali nusu. Sitaki mtu yeyote alale na mbaazi kwa ajili ya kumbukumbu zangu, na wala siwasemi akina mama wanaouza mikate. Hiyo ni riziki yao. Ninachotaka ni kila nyumba iteue kitu kimoja tu, hata kiwe kidogo, kisipikwe mpaka mwezi uandame. Tambi za sukari zatosha, au chai yenye kiungo fulani ambacho siku nyingine hakitiwi.

Kwangu nimeuchagua mkate wa sinia. Mama hakubaliani nami. Anasema chakula hakifungwi jela, na mgeni akija mwezi wa Rajabu ataupika tu, niseme nisiseme. Tumepatana hivi: mgeni akija apikiwe, lakini kwenye oveni. Makaa ya juu na chini yangoje Idi.