Mnazika kadi ingali hai

Jumatatu nilionyeshwa profoma ya kadi mbili mpya za swichi, ile mashine inayounganisha kompyuta na simu za ofisi; kadi ndizo zenye matundu ya kebo. Bei sitaitaja, maana mwenye ofisi ni mzee wa watu na ana presha. Kadi ya zamani ilikuwa tayari chini ya meza, imefungwa gazeti kama samaki wa Feri. Kosa lake ni kwamba umeme ulikatika Jumamosi, na uliporudi yenyewe haikuwaka.

"Dada, hii imekufa," kijana wa mitandao akaniambia.

"Umejuaje?"

"Taa yake ilibaki ya chungwa. Nimeichomoa na kuichomeka mara kumi."

Mara kumi! Jamani, kule nyuma kuna pini nyembamba kama ndevu za kamba. Kadi isiyokaa vizuri huwa inagoma kweli, kwa hiyo kuichomoa mara moja, ukaangalia pini na ukafunga vishikio vyote viwili, sawa. Mara kumi ni kuitafutia kifo.

Kisha, anasema, akaitoa kadi ya nafasi ya juu, akaweka hii pale. Ikawaka. Ile ya juu alipoiteremsha chini, nayo ikagoma. Msomaji mwenye akili timamu hapo anajiuliza kitu. Kijana wetu akatoa hukumu: mbovu imemwambukiza mwenzake. Ndiyo maana profoma ilikuwa ya kadi mbili. Nilitaka kucheka.

Sasa nisikilizeni. Swichi ya chesisi, yaani boksi lenye nafasi za kuchomeka kadi, haigawi umeme kwa huruma. Kila kadi imebeba chipu inayosema inahitaji wati ngapi. Kadi ya usimamizi, ile inayoongoza nyingine, inaisoma, inapiga hesabu na kilichobaki kwenye pawa saplai, kifaa kinachoilisha swichi umeme, na kama hakitoshi inaikatalia kabla haijawaka. Hata kama kwa wakati ule kadi ingetumia nusu tu ya ilichoomba, imekataliwa. Ni kama karamu ya harusi: jina lako halimo, huingii, hata kama sahani zipo. Wa mwisho kuhesabiwa ndiye anayekosa, kwa hiyo ukizungusha kadi unabadilisha tu nani akose.

Na kadi za siku hizi ni walafi, hasa zile zinazopeleka umeme kwenye simu za mezani na kamera kwa kebo ileile ya mtandao. Kwa kiwango cha mwaka 2003, poti moja, yaani tundu moja la kebo, inaweza kutoa hadi wati 15.4. Zidisha kwa poti 48: wati 739 na ushee, kadi moja! Kiwango cha 2009 kikapandisha hadi wati 30, yaani wati 1,440 ukiijaza vifaa vinavyoomba kiasi hicho. Watu wanaongeza kamera kila mwezi, pawa saplai ni zilezile tangu ofisi ifunguliwe, halafu mnashangaa.

Kinachoniudhi ni kwamba swichi inasema. Haifichi. Nilizirudisha kadi zote mbili kwenye nafasi zake, nikachomeka kebo ya konsoli, ile ya kuongea na swichi kwa kompyuta, nikaandika amri ya kuonyesha hali ya umeme, na jibu likaja palepale: kadi ya chini imenyimwa umeme. Imenyimwa! Nani amewahi kumzika mtu kwa sababu amenyimwa chakula?

Jibu lenyewe lilionyesha pia kwamba pawa saplai ni moja, wakati naziona mbili. Nikazunguka nyuma ya raki, kabati linaloibeba swichi. Ya pili taa zote zimezima, feni kimya. Zilikuwa zimesetiwa kuchangia mzigo badala ya moja kumlinda mwenzake, kwa hiyo moja ilipoanguka, wati zikapungua na kadi ya chini ikakosa. Nikafungua plagi ya pini tatu. Ndani, fyuzi ya ampea 3, imeungua. Ampea 3! Fyuzi ya redio ya mkulima kwenye kifaa kinacholisha ofisi nzima. Umeme uliporudi na kishindo chake, ikaenda. Nikaweka ya 13, ya bei ya maandazi, nikasubiri. Kadi zote mbili zikawaka kijani.

Haya, nakubali, kadi hufa. Chumvi ya pwani inakula shaba, na radi haina adabu. Kuna pia kadi mpya ambazo programu ya zamani ya swichi haizitambui, hapo hata uombe dua. Lakini huko tunafika baada ya kusoma logi, kumbukumbu za swichi yenyewe, na kuzunguka nyuma ya raki.

Kijana sikumgombeza sana. Alifundishwa hivyo na waliomtangulia: kitu kikigoma, chomoa, kikigoma tena, agiza. Mzee aliikunja profoma mara nne akaitia mfukoni bila kusema neno.

Aliyeweka fyuzi ya ampea 3 kwenye plagi ile bado sijamjua. Kila niliyemuuliza pale ofisini amesema aliikuta.