Walioibiwa nguo kule Bath

Wageni wengi wanaofika Bath, kusini-magharibi mwa Uingereza, huanza kwa kupiga picha zile sanamu za makaisari na magavana zilizosimama juu ya bwawa kubwa la hamamu la Warumi wa kale. Zinapendeza, lakini zilichongwa miaka ya 1890, enzi za Malkia Victoria. Kazi ya Warumi wenyewe iko chini, usawa wa maji. Na katika yote waliyoacha pale, mimi naviweka mbele vibao vya madini ya risasi, vyembamba, vilivyoandikwa maombi kwa mungu wa pale, vingine vimekunjwa, vilivyotupwa kwenye chemchemi.

Maji yenyewe ni mvua iliyonyesha zamani mno, ikazama ardhini, ikapata moto huko kwenye kina, kisha ikapanda juu. Hutoka yakiwa na nyuzi joto 46 hivi, zaidi ya lita milioni 1 kila siku. Warumi walipofika karne ya 1 waliwakuta wenyeji wakimwabudu Sulis, mungu wa kike wa chemchemi hiyo, nao wakamuunganisha na Minerva wao. Walipigilia magogo ya mwaloni matopeni, wakaizungushia chemchemi ukuta na kuutandika risasi. Mfereji wao wa kutolea maji unafanya kazi hadi leo! Ufundi huo nauheshimu sana.

Lakini ufundi hauniambii nani aliingia hamamuni na moyo wake ulikuwaje. Vibao vinaniambia. Vimepatikana karibu 130, vingi katika uchimbaji wa 1979 na 1980 ulioongozwa na mwanaakiolojia Barry Cunliffe, na karibu vyote ni malalamiko ya wizi. Docimedis alipoteza glavu mbili, akaomba mwizi apoteze akili na macho. Solinus aliibiwa kanzu ya kuogea na joho. Alimsihi mungu wake amnyime mwizi usingizi na afya, awe mwanamume au mwanamke, mtumwa au mtu huru, mpaka arudishe vitu hekaluni.

Hapo ndipo hamamu linapopata watu. Wanyonge hawakuchongewa sanamu; walikuwa na kipande cha risasi na uchungu wa kuibiwa. Mwaka 2014 vibao hivyo viliingizwa katika orodha ya Uingereza ya Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO, na vilistahili. Bado vinatazamwa kwa haraka, watu wakikimbilia kichwa cha Minerva cha shaba iliyopakwa dhahabu. Ningekuwa na sauti pale, kila mgeni angesomewa kwanza ombi la Solinus, ndipo apelekwe bwawani.