Saratani ya kongosho: mionzi ilizuia uvimbe, haikuongeza miezi

Uvimbe wa kongosho ukishazingira mishipa mikubwa ya damu, daktari wa upasuaji huweka kisu chini, hata kama saratani haijasambaa kwingine. Hapo ndipo wazo la kuunganisha dawa na mionzi linapovutia: kidonge cha kapesitabini hupunguza uwezo wa seli za saratani kujirekebisha, na mionzi inazipiga palepale zilipo.

Jaribio la LAP07, lililoongozwa kutoka Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2016, lilipima wazo hilo kwa subira. Wagonjwa 449 walianza na miezi minne ya gemsitabini, dawa ya saratani inayodungwa mshipani, baadhi wakiongezewa kidonge cha erlotinibu. Wale 269 ambao ugonjwa wao ulitulia ndio waliogawanywa kwa kura: 136 wakaendelea na dawa miezi miwili zaidi, 133 wakapata mionzi ya grei 54 (grei ni kipimo cha mionzi) pamoja na kapesitabini. Nusu ya kundi la dawa waliishi zaidi ya miezi 16.5, nusu ya kundi la mionzi, zaidi ya 15.2. Pengo dogo kiasi hicho halithibitishi kwamba upande wowote ulishinda.

Wengi waliishia hapo na kusema mionzi haina kazi. Siafiki. Uvimbe ulikua tena palepale kwa asilimia 46 ya waliobaki na dawa, na kwa asilimia 32 tu ya waliopata mionzi. Uvimbe huo ndio unaobana neva za mgongoni hadi mtu hapati usingizi, ndio unaoziba njia ya nyongo macho yakageuka manjano. Ni mateso makubwa, na hesabu ya miezi ya kuishi haiyaoni.

Hata hivyo wapinzani wana hoja nzito. Saratani hii huua zaidi kwa kusambaa, hasa kwenye ini, na mionzi haifiki huko. Jaribio jingine la Ufaransa, la mwaka 2008, lilianza na mionzi iliyoambatana na dawa mbili: waliopata mionzi waliishi miezi 8.6, wenzao wa gemsitabini pekee 13. Kuanza na mionzi kuliwadhuru. Tena grei 54 hugawanywa kwa siku 30, yaani wiki sita za kwenda hospitali siku tano kwa wiki, kwa mtu ambaye huenda amebakiwa na mwaka mmoja.

Bado naona majaribio yaendelee, kwa sababu dawa zimebadilika. Folfirinoksi, mchanganyiko wa dawa kadhaa za saratani, ina nguvu kuliko gemsitabini. Kadiri dawa inavyozuia kusambaa, ndivyo uvimbe uliobaki kongoshoni unavyokuwa tatizo kubwa zaidi. Lakini majaribio hayo yapime maumivu na usingizi kwa uzito uleule wa miezi.

Kwa sasa, mgonjwa ambaye ugonjwa umetulia baada ya miezi ya mwanzo ya dawa, lakini mgongo bado unamtesa, ningemhimiza amuulize daktari wake kuhusu mionzi. Asiye na maumivu, sioni sababu ya kumtoa nyumbani wiki sita.