Kuku Hamkimbizi Kifaranga Ili Amfunike

Kuku wangu wa kwanza aliatamia mayai 11 ndani ya karai kuukuu nyuma ya nyumba, hapa mtaa wa Utawala, Nairobi. Siku ya 21 vifaranga walianza kutoka, wakawa 9. Ilikuwa Julai, na mkazi wa Nairobi anaijua baridi ya Julai, ile ya mawingu yanayokaa kutwa nzima. Kifaranga wa wiki ya kwanza hawezi kujitunzia joto. Joto lake liko chini ya mama yake.

Jioni moja manyunyu yalianza, wanane wakaingia mbawani. Wa tisa alibaki nje akichakura. Nilitarajia mama amwendee. Hakwenda. Alijiinamisha zaidi, akafungua bawa, akawa anaita kwa sauti ya chini, tuk, tuk, tuk. Angeinuka, wale wanane wangelowa. Aliita mpaka yule wa tisa akaja mwenyewe, akajipenyeza.

Siku hizo nilikuwa vitani na mwanangu wa miaka 13. Alikuwa ameacha mafundisho ya kipaimara. Jumapili nilimtoa kitandani kwa makelele, nikamkokota hadi stejini, na ndani ya matatu akatazama dirishani njia nzima. Kanisani alikaa kando yangu kama mzigo wa mtu mwingine. Nilijiambia ninaiokoa imani yake.

Sisi wazazi tunapenda sana kusema samaki mkunje angali mbichi. Ile ya kuku hatuitaji mara nyingi: teke la kuku halimwumizi mwanawe.

Simtetei mzazi anayeachilia kila kitu. Mwewe wakizunguka juu ya mtaa, kuku wangu hutoa mlio mmoja mkali na vifaranga wote hutoweka. Paka wa jirani alivamiwa usoni, hajarudi tena. Lakini ukali huo wote humwangukia mwewe na paka.

Katika Mathayo 23:37 Yesu anaisikitikia Yerusalemu, anajifananisha na kuku akusanyaye vifaranga chini ya mabawa, kisha anasema hawakutaka. Nimeusikia mstari huo tangu utotoni, na masikio yangu yalikuwa yakiishia kwenye mabawa. Hawakutaka, naye hakuwaburuta. Mimi ni nani nimburute mtoto?

Najua kuna mfano wa mchungaji aliyewaacha kondoo 99 akamtafuta mmoja. Ninauamini. Ila kondoo yule alikuwa amepotea, na mwanangu alikuwa chumbani mwake, hatua kumi kutoka nilipo.

Kuita si kazi ngumu. Kuketi ndiko kugumu, hasa katika jiji hili. Nilikuwa natoka saa kumi na moja alfajiri ili niiwahi foleni, narudi saa tatu usiku, mtoto amekula na dada wa kazi na kulala. Jumamosi ni sokoni na vikao vya chama. Kisha Jumapili asubuhi, kwa saa mbili, nadai aje mbio chini ya bawa ambalo wiki nzima halikuwepo. Kifaranga hukimbilia sauti anayoijua. Walimu wa dini wanafanya kazi kubwa, lakini hawawezi kuketi badala yangu.

Nimeacha vikao vya Jumamosi jioni. Nashinda bandani, nafagia, nabadilisha maji, nasali kwa sauti kama alivyokuwa akisali mama yangu shambani. Simwiti mtu.

Bado haji kanisani kila Jumapili, na hilo huniuma. Jumamosi iliyopita alinikuta pale, akageuza debe akaketi. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza kama babu yake, tuliyemzika mwaka jana, anatusikia tukimwombea. Giza lilikuwa limeingia, na ugali haujasongwa. Sikuinuka.