Shemeji na Bahasha ya Vipimo

Jana usiku, kwa utulivu unaomstahili mtu mzima aliyemaliza shughuli zake, niliketi kutazama marudio ya Talk Soup, nikiamini kwamba hakuna mwanadamu atakayenipokonya nusu saa hiyo. Nilimsahau shemeji.

Mwaka 1991 Wamarekani waliletewa kipindi cha Jerry Springer na cha Maury Povich, vilivyokuja kujulikana kwa watu kuanika ugomvi wao hadharani, na hicho cha Talk Soup, ambamo Greg Kinnear alionyesha vipande vya vipindi vya wenzake na kuvikejeli. Yaani ugonjwa na dawa vilishuka kwenye gari moja. Utaratibu wenyewe ni wa heshima kabisa: mtu mwingine analipwa kuvumilia saa nzima ya watu kurushiana viti, kisha mimi nachotewa uhondo wa sekunde chache, nacheka, naenda kulala.

Basi kikaja kipande cha kijana anayekana mtoto, bahasha ya vipimo ikainuliwa, mtangazaji akapachika mzaha wake, na picha ikahamia kwingine.

“Shemeji, samahani,” akasema huyo shemeji yangu, “baba wa mtoto ni nani?”

Nikamweleza kwa upole kwamba jambo hilo si la muhimu, kwa kuwa tunacheka namna watu wanavyojidhalilisha mbele ya kamera. Akaniuliza kama mtoto naye amejidhalilisha. Nikasema hapana. Akauliza tena baba yake ni nani. Mke wangu, ambaye mpaka hapo alikuwa upande wangu, akasema pua ni zile zile, shemeji akasema pua si ushahidi, na kwa kelele zao nikapitwa na mizaha yote iliyofuata, ambayo ndiyo hasa niliyokuwa nimeikalia!

Sithubutu tena kuwawekea The Soup ya Joel McHale, mrithi wa Talk Soup, iliyoanza 2004 na kudumu hadi 2015, kwa sababu hiyo ilikejeli televisheni nzima, na bahasha zisizosomwa zitakuwa nyingi mno. Harry Hill wa Uingereza, mchekeshaji aliyekejeli televisheni ya kwao, naye asubiri.

Hatimaye nilikitafuta kile kipindi chenyewe cha ugomvi, nikakitazama chote, matangazo pamoja na machozi, mpaka bahasha ikasomwa. Si yeye. Nikazima televisheni.

“Sasa shemeji,” akasema, “kama si huyu, ni nani?”

Jamani, mimi ningejuaje?