"Utakula Nyota?"

Jumapili iliyopita, nyumbani kwa dada yangu Kayole, hapa Nairobi, mpwa wangu alituambia kwamba akimaliza shule anataka kusomea astronomia, hasa angahewa za sayari zinazozunguka nyota nyingine. Shangazi yake akamuuliza papo hapo, "Utakula nyota?" Mwingine akadhani anataka kuwa mnajimu wa kuwapigia watu ramli. Mtoto alinyamaza, akakusanya vikombe, akaenda jikoni. Kile kimya chake kimenikaa moyoni wiki nzima.

Hakuna ramli katika kazi ile. Sayari inapopita mbele ya nyota yake, mwanga wa nyota hupungua kidogo. Hata sayari kubwa kama Mshtarii, ikipita mbele ya nyota kama jua letu, huupunguza kwa takriban asilimia 1 tu. Sehemu ndogo sana ya mwanga huo hupenya hewa ya sayari, na kila gesi hunyonya rangi zake maalumu za mwanga, hivyo rangi zinazokosekana hutaja gesi iliyopo. Fikiria taa za matatu zikipenya moshi wa mchoma mahindi pale Barabara ya Jogoo: moshi wenyewe upo gizani, lakini ile taa inakueleza kwamba upo na ni mzito kiasi gani. Hivyo ndivyo darubini ya Hubble ilivyowezesha sodiamu kutambuliwa mwaka 2001 katika hewa ya sayari HD 209458 b, na ile ya James Webb ikaonyesha wazi kaboni dayoksaidi kwenye sayari WASP-39b mwaka 2022.

Nimesikia pia kwamba Nairobi si mahali pa kazi hii, kwa kuwa taa za jiji zimefunika nyota. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana watafiti hawa hawakeshi wakichungulia darubini. James Webb iko umbali wa kilomita milioni 1.5 kutoka hapa duniani, na kila anayeitumia hupokea data zake kwa kompyuta, awe Nairobi au London. Zile za kwanza za WASP-39b ziliwekwa wazi kwa kila mtu tangu mwanzo. Maombi ya kuitumia darubini hiyo hupokelewa kutoka nchi yoyote, na wanaoyapima hawaonyeshwi jina la mwombaji. Wazo la msichana wa Kayole linasomwa kama wazo. Nafasi ni finyu, kwani mwaka 2024 saa zilizoombwa zilifika takriban mara 9 ya zilizokuwepo, lakini ufinyu huo ni wa wote.

Wala sisi si wageni wa anga. Setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahususi kwa astronomia ya miale ya eksirei ilirushwa kutoka pwani ya Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ikaitwa Uhuru. Mwaka 2019 nyota HD 83443 ilipewa jina la Kalausi na sayari yake ikaitwa Buru, kimbunga na vumbi kwa Kidholuo, majina yaliyotoka Kenya. Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha shahada ya astronomia na astrofizikia. Safari ya elimu inaanzia hapa hapa mjini.

Dada yangu ana haki ya kuogopa. Baada ya shahada kuna uzamili na uzamivu, kisha mikataba ya miaka miwili au mitatu, mara nyingi ughaibuni, na kazi za kudumu ni chache. Lakini huku njiani mtoto atajua hesabu, kuandika programu na kuchambua data zenye kelele nyingi, yaani zilizochanganyika na takataka zisizohitajika, na mtu wa namna hiyo hata benki humtafuta. Kinachonitia hofu mimi ni kwamba ataiacha fizikia sasa kwa sababu ya kicheko cha sebuleni.

Juzi nilimpigia simu. Aliniuliza, "Mjomba, hizo data za WASP-39b zinafunguka kwa simu?" Nikamwambia simu itamsumbua. Jumamosi saa tatu asubuhi anakuja kwangu na daftari lake, na laptopu yangu itakuwa yake mpaka jioni.