Ongezeni Paipu Moja Kabla ya Plasta

Kila ninapopita mjengo pande za Ruai au Kamulu, mashariki mwa Nairobi, na kukuta kuta hazijapigwa plasta, macho yangu huenda kwenye mifereji iliyochongwa kwa ajili ya stima. Nahesabu paipu. Nikiona moja tu inapanda kutoka kwenye kisanduku cha breka hadi siling, roho haitulii, maana najua nyaya zote za nyumba ile zitasukumwa humo.

Somo hili nililipata nyumbani kwa mama yangu. Alilalamika harufu kwa miezi, hasa asubuhi, mtu akiwa anaoga na mwingine amewasha birika jikoni. "Ni kama plastiki iliyosogezwa karibu na jiko," alituambia. Breka haikujizima hata siku moja, kwa hivyo sisi watoto wake tukamtuliza kwamba ni majirani wanachoma takataka. Januari, jua lilipokuwa kali, harufu ikazidi, nikaita fundi wa stima. Alipanda juu ya siling, akafungua boksi, kisha akaniita: "Dada, hebu panda uone hii."

Paipu ilikuwa ya milimita 20. Ndani mlikuwa na nyaya 12: tatu za shawa ya umeme, sita za soketi zilizozungushwa nyumba nzima, na tatu za taa. Fundi alivuta mmoja, haukusogea. Akavuta kwa nguvu, paipu yote ikatikisika pamoja naye. Mwishowe aliikata kwenye kona. Waya wa shawa, ambao mwanzoni ulikuwa mwekundu, ulikuwa umebadilika ukawa rangi ya chai nzito, na alipoukunja ganda lilivunjika kama la yai. Shaba ikawa wazi. Wa taa uliokuwa umelala kando yake ulikuwa umegandana nao.

Nilimuuliza breka ilikuwa wapi wakati haya yote yanatokea. Jibu lake ndilo ningetaka kila mwenye nyumba alisikie. Shawa ile ni ya kilowati 5.5, na kwa volti 240 inavuta karibu ampea 23. Waya wake ni wa milimita mraba 4, ambao ukiwa peke yake kwenye paipu ya ukutani unabeba ampea 32, na breka iliyowekwa ni ya 32. Kwenye karatasi, mambo ni shwari. Ila ule uwezo wa 32 ni wa waya usiobanwa na wengine wenye joto. Jedwali la kanuni za umeme za Uingereza, ambazo mafundi wengi wetu wamefunzwa, linasema sakiti mbili (yaani njia mbili za stima, kila moja na breka yake) zenye mzigo zikiwa pamoja, zidisha uwezo huo kwa 0.80; tatu, 0.70, nne, 0.65. Taa tuziache, mzigo wake ni mdogo. Shawa na soketi ni mbili, kwa hivyo 32 inashuka hadi 25.6. Bado inatosha, kwa shida. Halafu paipu ile inapita chini ya mabati, na hesabu ya kawaida hufanywa kwa nyuzi 30 za Selsiasi. Joto la hapo likifika 40, unazidisha tena kwa 0.87, unabaki na ampea 22.3. Shawa inataka 23. Breka inangoja 32. Katikati hapo ganda la waya linapikwa polepole kila asubuhi, na hakuna kitu cha kuuzima umeme.

Sisemi kila sakiti iwe na paipu yake. Taa za vyumba vitatu zinaweza kupita pamoja bila taabu yoyote. Ninachopinga ni kuchanganya mizigo mizito, yaani shawa, koka na soketi za jikoni, kwenye paipu moja nyembamba. Na hata mizigo ikiwa midogo, nafasi lazima ibaki: kanuni za Marekani haziruhusu nyaya tatu au zaidi zijaze paipu kupita asilimia 40. Hewa hiyo ndiyo inayomwezesha fundi kuvuta waya bila kuuchubua kwenye kona, na ndiyo itakayomwezesha kuutoa miaka kumi baadaye bila tindo na nyundo.

Kosa la kinyume nalo lipo. Kuna anayepunguza msongamano kwa kupitisha laivu, waya unaoleta umeme, huku, na nyutro, unaourudisha, kule. Usikubali. Laivu, nyutro na athi (waya wa ardhi) ya sakiti moja husafiri pamoja. Na kebo ya intaneti au ya televisheni isiingie kabisa kwenye paipu ya stima, kwa sababu ganda likichubuka, volti 240 zinatembea hadi kwenye kifaa ambacho mtoto amekishika.

Mafundi huniambia wateja ndio wanaobana bajeti, na ninawaamini. Lakini paipu ni kitu cha bei rahisi mno ukilinganisha na shaba inayopita ndani yake. Tunalipia vigae vinavyong'aa, tunang'ang'ania kupunguza kitu ambacho plasta ikishakauka hatutakiona tena. Fundi wako awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia kawi, sawa, lakini nenda pia wewe mwenyewe kabla ya plasta, mwambie akuonyeshe shawa inapita wapi na nani anapita nayo. Piga picha kila ukuta.

Kwa Mama tulichimba upya. Shawa ilipata paipu yake ya milimita 25 na waya wa milimita mraba 6, na soketi zikatengwa na taa. Nikamwomba fundi aongeze paipu nyingine, tupu, yenye waya ndani wa kuvutia nyaya nyingine baadaye na mfuniko mweupe kila mwisho. Mama aliuliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya kitu ambacho bado hatujakinunua.